Mume wa Bibi Nakijwa

Njaa ndiyo iliyomfumbua macho Daktari Mwajabu Shekiondo. Laiti angefika Usangi ameshiba, angeteremka mlima hajui kitu, na mpaka leo sote tungekuwa tunajisifu.

Alikuja kutazama mkono wa mtoto, basi. Ni kazi ndogo hiyo: unakunja shati, unapitisha taa juu ya ngozi, unaiona mbegu imelala mahali pake kama punje ya mchele, unaaga. Lakini kwa Bibi Nakijwa mgeni haagi na tumbo tupu. Makande yalikuwa mekoni tangu asubuhi, na Mpare akishakupakulia makande, ukikataa hakununii. Anakushitaki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo penye jua. Mbona umekonda hivyo, kwenu Lushoto hawali?"

"Wanakula, bibi. Ila hawana makande."

"Ndiyo maana hamna nguvu za kesi."

Namkunda, mkwe wa Bibi Nakijwa na mama wa mtoto, alicheka kutoka jikoni. Mtoto mwenyewe, Mbonea, alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe akiwarushia kuku mahindi, miguu inaning'inia, meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yanaota. Alipewa jina la babu yake angali tumboni, kabla mtu yeyote hajajua atazaliwa nani. Mwajabu alimtazama kwa raha. Katika watoto wote aliowapanda mbegu, ni huyu tu aliyemwambia asante.

Hapa lazima nieleze kidogo, maana wengine mlikuwa hamjazaliwa. Mbonea alizaliwa mtoto wa kati, wale ambao mkunga akiwapokea hunyamaza badala ya kupiga vigelegele, kwa kuwa mwili wao haujasema upande. Zamani daktari mwenye haraka alichukua kisu akawasemea. Wakakua na makovu wasiyoyaelewa, na ukubwani wakauliza: nani aliwatuma? Nchi ikaona haya. Ikatungwa Sheria ya Kusubiri: hakuna kisu wala dawa mpaka mtoto aseme mwenyewe. Jambo zuri kabisa. Lakini mtoto utamsikiaje? Ukimwuliza mbele ya baba yake, atasema la baba yake. Ndipo lilipokuja Sikio.

Sikio lilikuwa chombo cha duara, ukubwa wa sahani, kilichotundikwa ukutani nyumbani kwa mtoto mwaka mzima. Lilisikia, likapima, likafuta, na mwisho likatoa neno moja. Hakuna binadamu aliyeruhusiwa kusikia maneno yenyewe, ili siri ya mtoto isivuje. Na uzito mkubwa kuliko wote lilipewa neno ambalo mtoto hulisema akicheza, akicheka, hakuna aliyemwuliza. Wazo hilo lilikuwa la Mwajabu. Alisimama mbele ya wakuu wa Taasisi iliyosimamia kazi hiyo akawaambia, "Lisemwalo lipo. Mtoto akiulizwa hupima maneno. Akicheza hapimi." Walimpigia makofi mpaka akaona aibu.

Kwa Mbonea, Sikio lilisema: mwanamume. Mbegu ikafumwa maabara kwa chembe za mwili wake mwenyewe, ikapandwa mkononi ikiwa imelala. Huko ndani huonja damu ya mwenye nayo kwa miezi, kisha huamka yenyewe ikaanza kutoa homoni, na mwili hufuata: sauti, kifua, nyonga, ndevu. Haina maumivu. Ina masharti mawili tu. Ikishaamka hairudi kulala. Na ukiing'oa kabla haijaamka, damu inaikumbuka, na mbegu ya pili ikija mwili huila. Wapo wachache ambao ya pili ilishika. Wachache sana.

Ya Mbonea ilikuwa iamke wiki ile.

Basi Mwajabu alikuwa na kijiko mdomoni Bibi Nakijwa alipoinuka, akajishika kiuno, akapaza sauti uani.

"Mume wangu! We mume wangu! Kuni zimekwisha, mkeo apikie nini, mate?"

Mbonea aliruka kutoka ukutani. Akaingia ndani mbio, akatoka amevaa koti kuukuu la kiume linaloburura chini, akakohoa kikohozi cha kizee na kutembea kama mwenye baridi yabisi.

"Nyamaza, mwanamke. Mimi nimetoka shamba, hata maji ya kunawa sijapewa, unaniuliza kuni?"

"Haya, mwoneni! Ndevu huna, ukali unao!"

"Zitaota. Zikiota nitaoa wa pili, mwenye meno."

Jamani, bibi alicheka mpaka akaegemea nguzo. Namkunda naye alitoka jikoni akijifuta machozi kwa kanga. Mwajabu mwenyewe alicheka, tena kwa sauti, kwa sababu bibi yake mzaa mama alikuwa akimwita mke mwenza, na siku moja, akiwa na umri kama wa Mbonea, aliapa mbele ya mchungaji kwamba babu yake asipomwoa yeye hatamwachia mtu mwingine. Nani hakulelewa hivyo? Mjukuu wa kiume ni mume, wa kike ni mke mwenza, na bibi asiyemtania mjukuu wake watu huuliza kama ni mgonjwa.

Kisha kijiko kikasimama.

Mahali ambapo Sikio lilikuwa limetundikwa, juu ya mlango wa sebule, palibaki duara jeupe lisilo na moshi. Palikuwa hatua chache kutoka walipokuwa wakichekea.

"Bibi," alisema Mwajabu, na sauti ilimtoka nyembamba. "Utani huu mmeanza lini?"

"Tangu mzee wangu afariki. Nilimwambia Mbonea, wewe ndiye wajina wake, basi wewe ndiye mume, utanitunza."

"Na Sikio lilipokuwa pale juu?"

"Lilitukuta humo humo. Kila jioni. Kwani vipi?"

"Mbele yake?"

"Sasa tungekwenda kutaniana wapi, msituni?" Bibi Nakijwa alianza kucheka tena, akamwona daktari usoni, akaacha. "Mwanangu, kuna nini? Kwani lile dude lilikuwa linasikia maneno?"

"Mlidhani linasikia nini, bibi?"

"Moyo," alisema bibi. "Tuliambiwa linamsikiliza mtoto. Sisi tukajua linasikiliza mapigo ya moyo, kama vile mnavyofanya na mipira yenu masikioni."

Lo! Kumbe ndivyo walivyotia kidole gumba kwenye fomu ya ridhaa. Kijana wa Taasisi alikuja, akasoma maelezo kwa Kiswahili cha ofisini, akasema "Sikio humsikiliza mtoto", wao wakaitika "haya", yeye akashuka mlima. Hakuna aliyedanganya. Na huko mjini, Sikio lilifundishwa kazi kwa sauti za watoto wa shule za bweni, maana ndiko walikopatikana wengi kwa wakati mmoja. Shule ya bweni ina kila kitu, ila haina bibi. Wataalamu wote wale, kila mmoja amelelewa mgongoni mwa bibi yake na kuitwa mume au mke mwenza, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuliambia Sikio kwamba watu weusi hutaniana. Tulikuwa na akili gani sijui.

Aliomba radhi, akaenda nyuma ya zizi la mbuzi, akampigia mkuu wake, Profesa Kamugisha, aliyeko Morogoro.

"Profesa, Sikio limekosea."

"Sikio halikosei. Umechoka, Mwajabu."

"Mtoto wa Usangi. Naomba ruhusa niitoe mbegu leo."

"Sikiliza." Profesa hakuwa mtu wa kupayuka, alivyozidi kukasirika ndivyo alivyozidi kuwa mpole. "Ukitoa mbegu moja, kesho kila mwenye chuki na watoto hawa atapata fimbo. Watafunga Taasisi. Yule binti wa Kasulu unamkumbuka?"

Alimkumbuka. Angemsahau vipi? Binti aliyeacha kula, aliyekuwa akipigwa kila aliposema yeye ni msichana, mpaka Sikio liliposema kile alichokuwa akikisema tangu ajue kusema. Sasa anasoma ualimu, na kila Krismasi humtumia Mwajabu sauti yake akiimba.

"Mbegu kama yake ndiyo unayotaka kuitia doa," alisema Profesa. "Usiguse. Ni amri."

"Profesa, hujaniuliza limekosea vipi."

"Sina haja," akakata.

Alirudi uani akawakuta wamesimama. Akawaeleza yote, bila Kiswahili cha ofisini. Kwamba Sikio lilisikia maneno. Kwamba lilipenda zaidi maneno ya kicheko. Kwamba neno "mwanamume" huenda lilitoka katika ule mchezo wa koti, na huenda halikutoka humo, sasa hakuna ajuaye, maana maneno yamefutwa. Kwamba mbegu ikiamka imeamka, na ikitoka leo, ya pili pengine haitashika maisha.

Namkunda alikaa chini, pale pale kwenye vumbi.

"Nilijua," alisema. "Mimi nilimzaa, sikuwahi kusikia hilo neno moyoni mwangu. Nikajiambia, mashine imesoma kuliko mimi. Itoe, dada. Itoe sasa hivi!"

"Ukisikia lako moyoni, ni lako," Bibi Nakijwa alimjibu, lakini hakuwa na nguvu za kugomba. "Na ikiwa ni mvulana kweli? Utamnyima ndevu zake kwa sababu mimi mwanamke mzee nilipenda kucheka? Mungu wangu, nimefanya nini? Nimefanya nini kwa mtoto wa watu?"

"Mama, si mtoto wa watu, ni wangu!"

"Ni wetu sote, na tumemwua!"

Wakapandishana sauti, huyu itoe, huyu iache, na daktari katikati akieleza homoni kwa watu wanaolia. Asiyekuwapo na lake halipo, wanasema. Lakini mwenye lake alikuwapo. Alikuwa amekaa juu ya kuni alizokwenda kuzileta, na koti bado liko mabegani.

"Mnanigombania mimi?" aliuliza Mbonea.

Wakageuka wote watatu. Mwajabu aliona uso ukimwaka moto kwa aibu. Miaka yote ile ya kusubiri, sheria ile, chombo kile, makofi yale, na hakuna hata siku moja mtu mzima aliyekaa chini akamwuliza. Akachuchumaa mbele yake.

"Mbonea, nisikilize mimi, usimwangalie mama wala bibi. Wewe mwenyewe unajiona nani?"

Mtoto alimtazama sana. "Mnataka niseme nini?"

"Hakuna tunachotaka."

"Kipo. Watu wakubwa wakiuliza, kipo."

Mbonea akaanza kubandua gamba la ukuni kwa ukucha.

"Bibi alikuwa analia jioni," alisema. "Akiliona koti la babu, analia. Mama akilificha, analia kwamba halipo. Siku moja nikalivaa nikamwambia, mke wangu, mbona ugali haujaiva. Akacheka mpaka akakohoa. Basi kila jioni nikawa babu."

"Uwii!" Bibi Nakijwa alijifunika uso kwa kanga. "Uwii, mama yangu!"

"Na ukiwa babu, moyoni unajionaje?"

"Najiona bibi halii."

"Na ukiwa peke yako?"

Mbonea aliinua mabega. "Siku nyingine nataka kuwa mvulana. Nataka kweli. Siku nyingine nasahau, nakuwa Mbonea tu. Sasa hivi sijui." Akamtazama daktari kwa wasiwasi, kama mtoto aliyeshindwa hesabu darasani. "Ni vibaya?"

"Si vibaya hata kidogo."

"Sikio lina neno la sijui?"

"Halina," alisema Mwajabu. "Hatukuliwekea."

Akamweleza na yeye masharti ya mbegu, taratibu, mpaka alipohakikisha ameelewa, kwa kumwambia ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Mbonea aliyasema vizuri. Ikikaa, wiki hii inaamka, sauti itakuwa nzito na ndevu zitaota. Ikitoka, halafu siku moja akaja kujua kwamba alitaka kweli, pengine hatapata nyingine.

"Na siwezi kungoja?"

"Wewe unaweza. Yenyewe haiwezi."

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na kisu chenyewe. Daktari alitamani mtoto aseme "sijui" tena ili yeye mtu mzima aamue, na papo hapo aliogopa asije akasema "sijui", maana angeamua nini? Kuiacha ni kuamua. Kuitoa ni kuamua. Sheria ya Kusubiri ilikuwa imemleta mtoto wa miaka minane mahali ambapo hakuna kusubiri, na aliyemwonyesha njia ni daktari mwenyewe.

"Itoe," alisema Mbonea.

"Una hakika si mvulana?"

"Nimekwambia sijui."

"Na kama ni kweli? Kama Sikio lilipatia?"

"Hata kama ni kweli." Sasa alikuwa amekasirika. "Yale maneno yalikuwa ya bibi. Nilimpa bibi. Sikuwapa nyinyi."

Mwajabu alinawa mikono. Mkoba wake ulikuwa na kifaa cha kutolea, kwa sababu kila daktari wa mbegu hutembea nacho, akikuta mbegu imeoza mwilini aitoe. Simu ilimlia mfukoni mara mbili, hakuishika. Namkunda alimpakata mtoto, bibi akashika ule mkono mwingine. Dawa ya ganzi, mkato mdogo usiozidi ukucha, mbegu ikatoka juu ya pamba, nyeupe, ina nyuzi ndogondogo kama mzizi wa kitunguu. Mbonea aliitazama akauliza kama ilikuwa hai. Mwajabu akamwambia ndiyo. Akauliza kama itaumia. Akamwambia hapana, ingawa hilo naye hakuwa na hakika nalo.

Safari hii mtoto hakusema asante. Aliteremka mapajani kwa mama yake, akalivua koti, akalikunja, akampa bibi yake, akaenda zake kwa kuku.

Bibi Nakijwa alibaki amelikumbatia. Akafungua mdomo kumwita mume wangu kama alivyozoea, akaufunga, akabaki anautazama ule mgongo mdogo unaokwenda.

Simu ililia tena. Mwajabu akaenda nyuma ya zizi.

"Nimeitoa, Profesa."

Profesa akajibu kwa upole ule wa kutisha: "Umejiua kikazi. Unajua hilo?"

"Najua. Lakini sasa utanisikiliza. Uliniambia huna haja ya kujua limekosea vipi. Limekosea kwa utani. Bibi na mjukuu, Profesa! Bibi anamwita mtoto mume wangu, mtoto anajibu mke wangu, wanacheka, na Sikio linaandika uzito wa juu kuliko wote kwa sababu mimi nililiambia kicheko ndicho kweli. Hatukulisikiliza neno la mtoto. Tulisikiliza zawadi aliyokuwa akimpa bibi yake mfiwa. Kila mlima, kila kijiji, kila nyumba yenye bibi nchi hii, tumesikiliza utani. Nifukuze, lakini kesho asubuhi waamuru watoto wote ambao mbegu zao bado zimelala waulizwe. Wenyewe, kwa mdomo. Wale wenye hakika kama binti wa Kasulu watasema ndiyo, na tuwaachie. Wasiojua tuwaombe radhi. Profesa? Profesa, upo?"

Alikuwapo.

"Mama yangu," alisema Profesa Kamugisha, "kule Muleba, alikuwa anamwita mwanangu bwana wangu."

Mwajabu alishika nguzo ya zizi. Miaka yote waliyofanya kazi pamoja hakuwahi kumsikia akimtaja mtoto.

"Wangu ni wa kati," alisema Profesa. "Kwa nini unadhani niliingia kazi hii? Sikio letu la kwanza kabisa lilikuwa lake. Tulilitundika kwetu Morogoro miezi sita, likasema halijapata maneno ya kutosha, mtoto hacheki. Nikamwambia mke wangu, tulipeleke kwa mama, huko ndiko anakocheka sana. Tukalipeleka. Wiki tatu tu likatoa jibu."

"Mbegu yake..."

"Iliamka mwaka juzi. Ana miaka kumi na minne."

Katika simu, mbali, ulisikika mlango ukifunguliwa na sauti nene ya kijana ambayo bado haijakaa sawa: "Baba, chakula kinapoa. Tunakungoja wewe tu."

"Nakuja, baba," alijibu Profesa. Kisha akashusha sauti, na ule upole wote ulikuwa umemtoka. "Ananingoja mezani, Mwajabu. Wewe ndiye uliyeanza kuuliza. Nikikaa naye sasa hivi, nimwulize nini?"